Miwani ya Wifi

Jumapili, 3 Machi

Dada Mkasi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata wifi mwenyewe, na kila nikikaa naye mezani linataka kunitoka: miwani yake haikuvunjika.

Labda hunikumbuki. Mimi ni mdogo wake bwana harusi, yule aliyemwoa mdogo wako. Ulinikuta nimejibanza nyuma ya masufuria siku ya harusi ukaniuliza, "Wewe unaitwa nani?" nikashindwa kujibu. Ukasema, "Basi jina lako Kimya," watu wakacheka, na tangu hapo hata kaka ananiita hivyo. Sikuchukia. Ni jina linalonitosha.

Shuleni tunasoma kwa lugha nyingine, na insha zangu za lugha ile husomwa mbele ya darasa. Lakini kule huwa naandika safari za baharini ambazo sijawahi kusafiri. Hili nimejaribu kuliandika kwa lugha ile likawa kama limempata mtu mwingine. Ndiyo maana naandika hivi, kama ninavyoongea, ingawa siongei.

Tunaishi watu watatu. Mbele ni duka la kaka, katikati ni karakana anakokatia vioo vya miwani, na nyuma ndiyo vyumba vyetu viwili. Mlango ni mmoja. Ukitaka kutoka nje lazima upite mbele ya meza yake.

Asubuhi ya kwanza baada ya wifi kuhamia hapa, aliamka akapapasa kando ya kitanda, miwani haipo. Kaka akasema ameikanyaga wakati anaamka, na vipande ameshavizoa. Wifi akataka kulia. Kaka akamshika kidevu: "Mke wangu, umeolewa na fundi wa miwani halafu unalilia miwani? Ungeolewa na muuza maji ungelia kiu?" Tukacheka wote. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshamtengenezea mpya, fremu nyepesi, vioo vyembamba, ya kupendeza kweli.

Lakini mimi niliamka kabla yao siku ile ili nifagie duka. Nilimwona kaka karakanani akiifuta miwani ya wifi kwa pindo la shati lake. Ile ile, nzima. Akaiweka kwenye droo, chini ya vitambaa. Alipogeuka akaniona. Akaweka kidole mdomoni na kutabasamu, kama mtu anayeandaa zawadi. Nami nikatabasamu. Nimeisubiri zawadi hiyo mwezi mzima na zaidi.

Wifi anasema kwa miwani mpya maandishi ya ng'ambo ya barabara yana ukungu. Kaka alimkalisha kwenye kiti cha wateja akamwambia asome ubao wa herufi. Akashindwa. Kaka akashusha pumzi: "Si miwani, mke wangu. Ni macho." Akaichukua airekebishe. Iliporudi ilikuwa nyepesi zaidi, na wifi akaona kidogo zaidi ya pale... samahani, nataka kusema akaona pungufu ya pale. Siku hizi akitembea mkono wake mmoja uko ukutani.

Kaka ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki. Alikuwa akinisuka nywele mwenyewe mpaka nilipojua kujisuka. Sijui kama mtu wa namna hiyo anaweza. Sentensi hii siimalizi.

Nimeificha karatasi hii ndani ya pindo la foronya aliyokushonea wifi. Ameniambia kwamba wewe hufumua kila kitu anachokuletea ili ukague mishono. Simu yake usiitegemee: iko mfukoni mwa kaka, anasema mwanga wake unachosha macho. Ukinijibu, mpe kondakta wa basi aniletee shuleni, linapita getini kwetu. Tafadhali usimwambie mtu.

Kimya


Jumatatu, 11 Machi

Kimya wangu,

Kumbe una maneno! Nimefumua pindo nikitafuta mshono mbovu ili nipate la kumcheka mdogo wangu, nikakuta wewe umelala humo ndani. Nimekaa chini, nikasoma, mteja amesimama mlangoni na gauni lake mkononi anadhani nimefiwa.

Sasa nisikilize mimi mkubwa. Mapenzi mapya yana wazimu wake. Baba wa wanangu, Mungu amrehemu, alinificha kiatu kimoja cha harusi. Miaka yote ile nalaumu panya! Nilikikuta siku tunapanga vitu vyake baada ya mazishi, kimefungwa kwenye leso. Kaka yako ni mpole, na wapole ndio wenye mambo ya siri namna hiyo. Ameitunza iwe kumbukumbu. Atakuja kuitoa siku moja wakiwa wazee, wacheke.

Lililonitoa jasho ni hilo la macho. Mama yetu alianza vilevile. Alilaumu taa kwanza, akaja akalaumu dirisha, mwisho akatulaumu sisi kwamba tunasimama mbali. Mwaka wake wa mwisho wa kuona, mimi na Sindano tulikuwa tunamtungia uzi, yeye anashona kwa vidole. Ndipo watu walipoanza kutuita Mkasi na Sindano, maana mimi nakata na yeye anashona, na mama katikati anatupapasa nyuso kutofautisha. Sindano ana hofu ya siku hii tangu utotoni. Kila akiamka hutazama kwanza dari. Kwa hiyo nakuomba, usimtie maneno ya droo kichwani. Anahitaji kushikwa mkono tu.

Nilipiga simu jana. Shemeji alipokea, akaweka sauti ya juu, tukaongea wote watatu. Sindano alicheka sana. Alicheka hata pale niliposema baridi imeniua nyonga.

Shemeji nimemwandikia barua ya shukrani. Wangapi wangekaa na mke anayefifia macho kabla hata zulia la harusi halijachakaa?

Namtumia mashati matatu nimeyakata tayari, ashone taratibu asikae bure. Nawe kula. Ulikuwa mwembamba kama utepe wa kupimia.

Dada yako,
Mkasi


Jumapili, 24 Machi

Dada mpenzi,

Naandikiwa na wifi yangu Kimya, kwa hiyo ukiona mwandiko mzuri usidhani nimerudi shule. Mume wangu amekaa hapa kando yetu anamenya machungwa, anakusalimu.

Sisi hatujambo. Ndoa tamu, mwalimu wake mkali! Juzi nimepika maharage yenye mawe. Mume wangu akatafuna jiwe, akatulia, akasema, "Hili halijaiva." Nimecheka mpaka nikapaliwa. Hanikasirikii kwa lolote. Nikimwaga chai anafuta yeye. Nikigonga kiti anakisogeza, na asubuhi nyingine nakikuta kimehamia kwingine nagonga tena, tunacheka.

Ile kazi niliyopata kwenye karakana ya kushona sare nimeiacha. Nilidumu wiki moja na nusu. Mama mwenye karakana alisema kola zangu zinapanda mlima. Nilisogeza uso nione vizuri, cherehani ikanipitia kidole cha shahada pamoja na kola. Usiogope, kimepona. Mume wangu alikuja kunichukua mwenyewe, akanibeba mbele ya mafundi wote, wasichana wakapiga vigelegele. Amesema nipumzike nyumbani mpaka macho yatulie.

Jioni ananiweka dirishani ananisimulia kinachopita barabarani, kama mtangazaji wa mpira. Anasema jengo la mbele yetu wamelipaka rangi ya njano, na mtaa mzima umechangamka. Natamani ungeliona.

Mashati yamefika. Moja nimejaribu, nalirudisha. Usilifumue, Dada. Nakuomba. Mishono yake nimeisikia kwa kidole, inatosha mimi kujua.

Mdogo wako,
Sindano
(kwa mkono wa Kimya)


Siku hiyo hiyo, ndani ya pindo la shati

Dada Mkasi,

Barua ya juu kaka ameisoma yote kabla sijaibandika. Akasema nimeandika vizuri, akanipa kipande cha chungwa.

Hakuna jengo la njano. Ni lile lile la kijivu, na limefungwa.

Viti havihami vyenyewe, wala mimi sivigusi.

Kuna kitu kingine. Wifi akivua miwani kabisa na kulaza pua kwenye karatasi, anasoma kila neno. Nimemwona akisoma maandishi ya kiberiti, yale madogo kabisa. Akiivaa, hata uso wangu haupati. Mimi si daktari. Lakini nimefuta vioo vya kaka kila Jumamosi tangu nikiwa darasa la tatu, na miwani ya watu wasioona mbali ina vioo vinene pembeni, na ukitazama kupitia kwake kila kitu hupungua, kinakuwa kidogo. Ya wifi ya zamani ilikuwa hivyo. Hii ya sasa, nimeijaribu alipokuwa anaoga, nikatazama kidole changu. Hakikupungua hata chembe. Ni kama vioo vya dirisha.

Dada, macho yanayokufa hufa hivyo?

Kimya


Jumanne, 2 Aprili

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wanao. Nimechelewa kujibu barua yako nzuri, kazi zilinizidi.

Kuhusu mdogo wako, sitakuficha. Anaendelea kufifia. Nimempima mara nyingi kwa mikono yangu mwenyewe na kila mara ubao unamwacha nyuma. Ulitaka kujua kama nimpeleke kwa daktari mkubwa. Shemeji, hiyo ndiyo kazi yangu, na hakuna wa kumpima kwa upendo kuliko mimi. Kwenda huku na huku kungempa matumaini, na matumaini yakivunjika yanakata vibaya kuliko kioo.

Nimekwisha kuzoea. Nyumba ni ndogo, hapotei. Anajua sauti yangu iko wapi, anaifuata. Zamani nilikuwa na mchumba aliyeona vizuri sana, akaona mbali, akaenda. Sindano hana shida hiyo. Tumetulia.

Naomba usimtumie tena kazi ya kushona. Inamliza.

Jambo moja dogo. Katika barua yako ulinitania kwamba nimeitunza miwani yake ya zamani "kama kumbukumbu ya mapenzi". Nilicheka. Ila sikumbuki kumwambia mtu yeyote habari hiyo. Huyu mdogo wangu naye ana mawazo mengi kwa umri wake, na siku hizi namwona anakodoa kodoa macho anaposoma. Nitamtazama vizuri.

Wako katika undugu,
Shemeji


Jumamosi, 6 Aprili

Kimya, mwanangu,

Barua hii nimemwambia kondakta asimpe mtu yeyote ila wewe, na asiondoke getini mpaka uiweke ndani ya sketi.

Nimekosa. Uliniomba nisimwambie mtu, nami niliandika kwa utani, mstari mmoja tu wa kumchekesha shemeji, kwamba nimesikia ameitunza miwani ya zamani. Domo langu hili! Sasa amenijibu. Barua yake ni ya adabu kuanzia juu mpaka chini, na nimeisoma nikalazimika kwenda kukaa juani.

Lile shati nilikuwa nimelifumua hata kabla sijafikia ombi la Sindano la kutolifumua. Mshono ule ni wa mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Nililia nikasema, basi, ni macho ya mama. Na bado sehemu yangu moja inasema ni macho ya mama, Kimya, lazima nikuambie kweli. Nilimwona mama akienda hatua kwa hatua. Siwezi kuingia nyumba ya watu na kumvuta mke wa mtu kwa mkono kwa sababu ya kioo kilichopimwa na msichana wa shule. Na Sindano hatakubali kuja kwa maneno matupu. Atasema namwonea huruma.

Kwa hiyo usinijibu kwa maneno. Itafute ile miwani. Mvishe siku ambayo kaka yako hayupo. Mpe mkono mmoja wa shati katika hayo mawili yaliyobaki, aushone kwenye bega, kwa cherehani, uzi mweupe. Nitumie huo. Mimi na yeye tumekaa cherehani moja miaka kumi na minne. Yeye anapofika kwenye mzingo wa kwapa hupunguza mshono, unakuwa mdogo kama meno ya mtoto, halafu anaukuza tena taratibu. Hakuna aliyemfundisha. Hawezi mtu kufanya hivyo kwa vidole, mama alijaribu akashindwa. Nikiuona mshono huo nitajua kwamba mdogo wangu anaona.

Nikiuona, nakuja.

Mkasi


Jumapili, 14 Aprili

Dada Mkasi,

Umesema nisijibu kwa maneno. Mkono wa shati huu hapa. Lakini naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele, na mimi sijui kupiga kelele.

Droo ilikuwa tupu. Vitambaa vimekunjwa vizuri, hakuna kitu chini yake. Nilitafuta karakana yote, nikatafuta juu ya kabati, ndani ya viatu vyake vya harusi. Kaka hakuniuliza chochote. Tangu uandike ule utani hajaniuliza neno. Ananiongezea chakula tu, na ananitazama nikila.

Jana Jumamosi akaenda mji wa pili kununua vioo. Mimi nikabaki nafuta fremu za kwenye kabati la dukani, kama kawaida yangu. Moja nikaihisi imekwaruza kidole. Ni kwenye mkono wa kushoto wa fremu, karibu na mwisho. Alama za meno. Wifi huuma miwani yake anapotunga uzi, tulimcheka siku alipofika. Ilikuwa pale kabatini, kati ya fremu za kuuza, na kikaratasi cha bei kimefungwa. Kila mteja aliyeingia mwezi huu ameitazama. Wifi mwenyewe amepita mbele yake kila alipopelekwa kuota jua.

Nikamfuata ndani. Alikuwa anachambua mchele kwa kuupapasa. Sikusema kitu, nilimvua ile nyepesi nikamvisha ile nzito.

Akaniinulia uso. Kisha akasema, "Kimya, kumbe una chunusi."

Nikasema ndiyo.

"Kumbe wewe mtoto hivi. Nilikuwa nimeanza kukusahau." Akageuka ukutani, akasoma kalenda kwa sauti, tarehe zote, na jina la kampuni ya rangi chini kabisa. Alikuwa anacheka. Akakimbilia dirishani akitaka kuliona jengo la njano.

Pale ndipo alipoacha kucheka.

Akakifuta kioo kwa kiganja. Akaniuliza bila kugeuka, "Walilipaka lini rangi ya kijivu?" Akasema, "Usijibu. Nipe shati."

Akashona. Sikuwahi kumwona akishona kwa kweli. Hakuinama hata kidogo, alikaa wima, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola yake, na mkono unaongoza kitambaa. Alipofika kwenye ule mzingo nilisikia cherehani ikibadilisha sauti.

Alipomaliza akaivua mwenyewe. Akanipa. "Irudishe pale pale, na kikaratasi chake cha bei." Akavaa ile nyepesi, akaanza tena kupapasa mchele. Kaka aliporudi alimkuta hivyo. Akamletea utepe wa nywele. Wifi akauliza, "Wa rangi gani, mume wangu?" Kaka akasema mwekundu.

Ulikuwa mweusi, Dada. Wifi aliusogeza puani kama anaunusa, akaona. Akasema, "Mwekundu unanipendeza."

Kimya


Jumatano, 17 Aprili

Kimya,

Meno ya mtoto. Nimeyahesabu kwa ukucha nikalia dukani mbele za watu.

Nakuja kesho kutwa, Ijumaa, basi la mchana. Nakuja kama mgeni, na mkate, na vicheko vyangu vyote. Sitagombana na mtu. Nitaomba Sindano anisindikize kituoni, hatua chache tu, mbele ya wateja, wakati duka limejaa. Mbele za watu kaka yako hatakataa, ni mtu wa sifa. Mwambie Sindano avae viatu vya kufunga, asichukue kitu. Miwani ile itoe kabatini asubuhi, iweke kwenye soksi yako.

Na wewe uje. Sikuachi humo. Vaa sare kama unayetoka shule, usibebe begi. Tukifika mlango wa basi, panda wewe kwanza.

Mkasi


Jumatatu, 29 Aprili

Wifi yangu, mdogo wangu, Kimya,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Mbaya, lakini wangu. Naandika nikiwa na miwani yangu yenye meno, na kutoka hapa nilipokaa naona mpaka uzi uliokwama kwenye mlango wa jirani.

Tumefika salama. Dada amenipeleka kwa daktari wa macho. Alinipima, akaniuliza kama ninalo tatizo lolote, maana haoni tatizo. Sioni mbali, basi, kama nilivyozaliwa. Nilimwambia habari za mama, akanieleza kwamba yale ya mama yalikuwa mambo mengine kabisa. Tangu utoto naogopa kitu ambacho hakikuwa chumbani mwangu, na mume wangu alikiokota akakivaa. Mimi ndiye niliyemwambia, unajua? Wiki ya kwanza ya uchumba. Nilimwambia naogopa kuwa kama mama, akanifuta machozi.

Kituoni nilipanda nikiamini uko nyuma yangu. Nilisikia Dada anaita, "Kimya, panda!" Nikatoa miwani kwenye ile soksi uliyonisukumia mkononi, nikaivaa, nikatazama nje. Kaka yako alikuwa amekushika bega. Hakukushika kwa nguvu. Alikuwa amekuja na mwavuli wangu, anasema nimeusahau, anatupungia mkono kama mtu anayesindikiza wageni. Hakukasirika. Nimejaribu kukumbuka hasira usoni pake ili nipumue, siipati. Alikuwa ananitazama machoni, anaona kwamba naona, anatabasamu. Halafu akainama akakuambia kitu sikioni, basi likaondoka.

Alikuambia nini?

Dada anahangaika na mwalimu wako mkuu kwa simu. Wanasema yeye ndiye mlezi wako, lazima taratibu zifuatwe. Anakuja Jumatano wiki ijayo, asubuhi, hapo hapo shuleni, hata kama taratibu hazijaisha. Jikaze mpaka hapo. Usibaki naye peke yako bila sababu. Sijui nakuambia nini, nyumba ina watu wawili, utabakije usipobaki naye peke yako.

Nakupenda. Tumekuwekea kitanda karibu na dirisha.

Sindano


Jumanne, 7 Mei

Wifi,

Barua yako nimeisoma chooni shuleni mara nyingi, halafu nikaila. Kweli nimeila. Sikupata pa kuiweka.

Uliuliza aliniambia nini kituoni. Alisema, "Na wewe umeona mbali sana, mdogo wangu." Basi. Kisha akanifungulia mwavuli, ingawa mvua haikuwepo.

Hajanigusa wala hajafoka. Anapika yeye. Anaweka sahani tatu, anaitazama ya tatu, anairudisha. Jioni anakaa dirishani anasimulia yanayopita barabarani kama alivyokuwa akikufanyia, sijui anamsimulia nani. Jana alisema jengo la njano limeanza kuchakaa.

Nilidhani nitamchukia. Asubuhi ananisubiri mlangoni na daftari zangu, kama nilipokuwa darasa la kwanza, na moyo wangu unamwendea kabla sijauzuia. Hilo nalo sijamwambia mtu.

Leo mwalimu wa darasa ameniita. Amesema kaka alipita shuleni, ana wasiwasi, kwamba siku hizi sioni ubaoni, nakodoa, kwamba ni ugonjwa ulioanza kuwaandama watu wa nyumba yetu. Mwalimu akanishika bega akasema, "Pole sana, una bahati kuwa na kaka mwenye ujuzi huo." Nilitaka kusema naona. Nilitaka kumsomea maandishi ya ubao wa darasa la pili kupitia madirisha mawili, maana niliyaona. Mdomo ukafunga. Wifi, jina langu limeanza kunitosha vibaya.

Mwalimu amesema kesho nisije shule, nibaki nyumbani nipimwe.

Kesho ni Jumatano. Dada atafika getini asinikute. Mwambie asiulizie shuleni, aje moja kwa moja dukani, aje na watu, aingie akipiga kelele za kutosha sisi wawili. Karatasi hii naitia kwenye pindo la sketi ya sare. Nitaitupia dirishani kwa binti wa jirani, ampe kondakta wa alfajiri. Nimemwonyesha kwa vidole niliporudi, amenielewa.

Kaka yuko karakanani tangu nirudi. Jiwe la kusagia vioo lilikuwa linalia. Sasa limenyamaza.

Anakuja. Hatua zake hazina haraka, hazijawahi kuwa na haraka. Ananiita, "Kimya, mdogo wangu, njoo ukae kwenye kiti." Sauti ni ile ile aliyokuwa akinisukia nywele nayo. Sindano ninayo, uzi ninao, mishono michache inatosha.

Andikeni mahali, wewe na Dada, kwamba leo macho yangu hayana ubaya wowote. Naona herufi hizi. Naona vumbi juu ya cherehani yako. Naikunja sasa, na kutoka hapa, wifi, naona vizuri kabisa kitasa kinavyozunguka.